Aliyekuwa Akifungua Bendeji

Bendeji ilikuwa safi mno. Fundi cherehani aliigeuza, akainusa. Jana yake sindano ya mashine ilikuwa imempasua kidole cha shahada, na damu ilichuruzika mpaka alipolala. Sasa kitambaa kilikuwa cheupe kama kimetoka dukani, kinanuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Wifi, ulinibadilishia nilipolala mchana?"

"Sijakugusa," alisema dada wa mumewe, muuguzi mstaafu aliyeishi nao. "Kioshe kwa maji na sabuni, kifunike, usikichokonoe. Kidonda kidogo hicho."

Kidogo, lakini hakikufunga. Siku ya tano kilikuwa bado kibichi. Kila akiamka mchana, aliikuta bendeji imekunjwa vizuri juu ya mto. Nani hukunja hivyo kama si muuguzi? Fundi akaanza kula peke yake, akaificha dawa, akawa analala na ufunguo kifuani. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Siku ya saba alijifanya amelala. Harufu ya majivu ilitangulia, halafu godoro likabonyea miguuni, taratibu, kama mtu mzito anayeogopa kumwamsha mgonjwa, kisha bendeji ikalegea, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, na ulimi wa kukwaruza kama wa paka ukapita juu ya kidonda, ukarudi, ukatulia, ukanyonya, na wakati huohuo akamsikia wifi yake uani, anaanika nguo, anajiimbia.

Akapiga yowe. Alipofungua macho, chumba kilikuwa kitupu.

Wifi yake akampeleka kwa mganga, bibi mkavu asiyecheka, aliyemfukiza mpaka kichwa kikamlegea.

"Unataka nini kwa huyu?"

Mdomo wa fundi ulijibu kwa sauti isiyo yake. "Namtunza. Kikipona nitakula nini?"

"Hapa hakuna chakula chako. Toka."

Alitetemeka hadi mkeka ukasogea. Wifi yake alimshika mkono asimwachie, mpaka ile harufu ikaisha.

Siku ya tatu baada ya hapo kidonda kilifanya kigaga.

"Nisamehe, wifi. Nilikudhania wewe."

"Nilijua. Ulinifichia hata pamba. Lete kidole."

Walikuwa bado wanacheka kinyozi wa chumba cha pili alipobisha hodi, akaomba plasta.

"Nimemkata mteja nyuma ya sikio, pamechanika kweli," alisema, huku akijitazama mikono. "Lakini ajabu, hata tone la damu halikuanguka."