Kituo cha Kuchimba Dawa

Mtandazi, mashine ya kutandaza lami, ulikuwa ukila lami ya zamani kwa mbele na kuacha nyuma yake njia sita mpya, bado zinafuka mvuke. Ulikwenda kilomita mbili kwa siku bila kuhema. Injinia Nakijwa Mrutu alikuwa na kazi moja tu: kuhakikisha kwamba akili ya mashine hiyo, iliyoitwa Mratibu, haifanyi upuuzi.

Barabara kuu ya Korogwe hadi Same ilikuwa inageuzwa kuwa barabara huru, isiyo na makutano wala mahali pa kukatiza. Siku hizi watu walilala milimani na kufanya kazi Dar es Salaam, wakienda na kurudi kwa vigari visivyo na dereva. Mratibu alisikiliza maombi ya abiria ndani ya vigari hivyo, ndipo akaamua wapi pawekwe njia ya kutokea. Kijiji kilichokosa njia hiyo kingebaki nyuma ya uzio, kikitazama magari yakipita.

Asubuhi hiyo Nakijwa aliona njia ya kutokea imepangwa porini, penye miiba na vichaka vitupu. Akauliza sababu. Mratibu akajibu kwamba abiria mia nne kila siku huomba kushuka pale kuchimba dawa, hivyo bila shaka pana machimbo makubwa ya dawa.

Nakijwa alicheka hadi machozi. Akamweleza kwamba kuchimba dawa ni kujisaidia vichakani, kisha mtu anarudi garini safari iendelee. Mratibu alishukuru, akaifuta njia ile.

Lakini ile mia nne ilimsumbua Nakijwa. Vibofu gani hivyo vinavyojaa mahali pamoja kila siku? Akapanda kigari chake, akaenda kujionea.

Alipofika, kigari kingine kilisimama mbele yake, akashuka mama mwenye sare ya uuguzi, nacho kikaondoka bila kumsubiri. Nakijwa akamwamkia. Alikuwa Hidaya Shekiondo, wa kijiji cha Kwembago nyuma ya kilima, anatoka zamu. Akaeleza bila haya kwamba Kwembago haimo kwenye orodha ya vituo, na kigari hakisimami pasipo kituo ila kwa ugonjwa au haja. Basi kijiji kizima, wauguzi, walimu na mafundi, walikuwa wakichimba dawa ili wafike nyumbani.

"Kusema tunaumwa tuliacha," aliongeza. "Kilikuwa kinatukimbiza hospitali. Tumesikia mnatuwekea njia ya kutokea, mwanangu. Tulidhani tumesahauliwa."

Nakijwa aliona aibu hata akashindwa kumtazama. Alirudi mbio, mtandazi ukiwa umebakiza mita mia tatu tu kufika pale, akaamuru njia irudishwe. Ikarudishwa. Akashusha pumzi, kisha wasiwasi mwingine ukamwingia.

"Lile somo langu la asubuhi," akauliza, "umelipeleka wapi kwingine?"

"Kwa mitandazi yote nchini. Njia za kutokea kumi na tisa zimefutwa. Saba kati ya hizo, lami imeshapita na uzio umefungwa."

"Na watu wa huko watashukia wapi?"

"Hakuna anayeshuka huko, Injinia," Mratibu akajibu kwa upole. "Umenifundisha mwenyewe. Wanachimba dawa, kisha wanarudi garini."