Dawa ya Jumapili

Je, umewahi kumwona mtu anatema damu na meno yake yote yako mahali pake? Hivyo ndivyo Kavindu alivyokutwa Jumatano asubuhi nyumbani kwake mtaani Gatwekera, ameegemea ukuta, vidonda vimejaa mdomoni hadi kooni. Kufikia saa nne alikuwa hospitalini, hawezi kutamka neno. Daktari alimwambia Sajenti Sella Amolo kwamba damu ya mama huyo inazidi kuisha nguvu. Dawa ya kumwokoa huenda ikapatikana, lakini kwanza ijulikane amekula nini.

Huko kwenye ploti anakopanga, Sella aliwakuta watu wameshahukumu. Ni sumu, walisema, na aliyeitia ni Kasiva, wifi yake, anayempikia uji kila siku na aliyegombana naye juzi juu ya kamba ya kuanikia nguo. Wengine walikuwa wameshika mawe.

"Uji huo nimekunywa na watoto wangu," Kasiva alisema, leso imemwanguka begani. "Kanini, binti ya Kavindu, pia amekunywa. Kama ni sumu, afande, mbona tumesimama?"

Sella aliingia ndani, akatazama rafuni. Vikombe vya bati vilipangwa pamoja; kimoja cha plastiki, cha kijani, kiliwekwa peke yake. Akauliza. Kasiva akainamisha macho. Kilikuwa cha Kavindu. Ana soriasisi, ngozi inabanduka magamba, na ingawa kliniki ilisema haiambukizi, walizoea kumtengea chombo.

Ndani ya kikombe, uji uliobaki ulikuwa na punje za manjano.

"Nani humjazia?"

"Kanini. Sisi wengine hatukigusi."

Sella akafungua kikopo cha dawa ya ngozi. Tembe zilikuwa ndogo, za manjano. Kavindu humeza Jumapili tu akitoka kanisani, majirani wote wanajua, na zilizobaki zililingana na hesabu ya Jumapili zilizopita. Basi za kikombeni zilitoka kwingine.

Kanini alikuwa fundi wa nguo Kabiro, Kawangware, jirani na duka la dawa la Kimotho. Sella akaanzia dukani. Mwanzoni Kimotho alikana, akipangusa kaunta iliyokuwa safi. Sella alipomwambia mgonjwa anakufa, alikubali: alimuuzia Kanini tembe zile bila karatasi ya daktari. Alimwonya ni mara moja kwa wiki. Msichana akajibu hana wiki.

Sella alimpigia daktari palepale, akamtajia dawa. Kisha akaingia mlango wa pili, kwa Kanini.

Kanini hakuinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Ulimsagia ngapi?"

"Moja. Kila asubuhi." Mguu wake ukasimama. "Jumamosi watu wa Mutuku, mchumba wangu, wanaleta mbuzi wa ntheo, wa kuniposa. Nilimwambia mama aongeze dawa apone haraka, akakataa, akasema daktari alimkanya. Nikaona ni uoga wa wazee."

"Majirani walikupigia simu leo. Ulijua wanataka kumpiga anti yako mawe."

"Nilijua."

"Ukanyamaza. Kwa sababu unamwonea mama yako aibu."

Simu ya Sella ililia. Daktari alisema wameanza kumpa dawa; wangojee. Kanini alikuwa ameshanyoosha mikono kwa pingu.

"Si aibu tu, afande," alisema polepole. "Wageni wakija, mama huficha mikono chini ya leso. Nilitaka siku hiyo moja mtu amsalimie kwa mkono."