Wa Kupokea

Mimi nina kinyaa. Nalisema mapema ili msije mkadhani natia chumvi. Glasi ya mtu mwingine sinywei, kiti chenye joto la mtu sikikalii, na kila niendapo kazini nabeba chupa ya spiriti ya kufutia nyaya na vidole vyangu. Mafundi wenzangu wameniita Spiriti mpaka jina langu limesahaulika. Jioni ile nilikuwa nimeshanawa na kufunga begi la vifaa, shemeji akapiga simu.

"Shemeji, njoo uniunganishie king'amuzi kwenye kompyuta ya sebuleni. Nimehangaika tangu mchana, kioo cheusi tu."

Ningeweza kumpangia kesho. Lakini shemeji huyu ndiye aliyemwoa mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa ameacha kupokea simu zetu. Mama hakuwa na wimbo mwingine nyumbani: "Nenda ukamwone mwenzio. Yule mtoto si wa kunyamaza." Nikabeba begi. Jua lilikuwa linazama nilipogonga mlango wao.

Mama mkwe wa mdogo wangu ndiye aliyefungua. Mjane, khanga safi, uso mkavu.

"Karibu, fundi. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikacheka kwa adabu. Halafu harufu ikanipiga.

Mafuta yaliyochacha... kitambaa cha jikoni kilicholala na maji... na chini ya hayo yote, pumzi ya mtu asiyepiga mswaki. Nilishangaa, maana sebule ilikuwa imepigwa deki mpaka inang'aa. Kioo kipya kikubwa cha kuonyeshea picha ukutani, spika kila kona, kompyuta nyeusi juu ya kabati. Harufu ilitoka kwenye kochi moja tu, la marehemu baba mkwe.

Mzee yule nilimfahamu. Taarifa ya habari ikianza alikaa pale, akisugua kisigino kimoja kwa kingine, akifyonza meno, nts... nts..., na kutema kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikija kuwatembelea nilikuwa nashindwa kula mbele yake. Alikuwa ameshazikwa zamani, lakini kopo bado lilikuwa pale chini. Sikutaka kuchungulia. Nikachungulia.

Mate. Mabichi, yenye povu.

Mdogo wangu akatoka jikoni na glasi ya maji. Tulimtoa kwetu amenona, mashavu yamejaa. Sasa gauni ndilo lililokuwa limemvaa yeye. Aliponiinamia kuniamkia, akaninong'oneza.

"Dada, usile kitu hapa."

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa. Mama mkwe alikuwa anatutazama. Nikaapa moyoni kwamba nikimaliza kazi naondoka naye, hata kama ni kwa kumburura.

Kosa la shemeji lilikuwa la kawaida, kila wiki nakutana nalo. Alikuwa amechomeka waya wa HDMI, ule wa kupitisha picha, kutoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, akasubiri picha.

"Shemeji, hilo tundu la kompyuta ni la kutoa," nikamwambia. "Na king'amuzi nacho kinatoa. Umeunganisha mabomba mawili yote yanamwaga, hakuna ndoo."

"Nilimwambia," mama mkwe akadakia kutoka mlangoni. "Anatakiwa wa kupokea."

"Cha kupokea, mama. Ni kidude kidogo tu, ninacho kwenye begi."

"Ni lazima awe mtupu?"

"Kiwe wazi tu, kisiwe kimeshikwa na kitu kingine."

"Basi yuko tayari," akasema. "Nimemwandaa."

Nilidhani ni ngeli tu zinamchanganya. Watu wazima wengi huvizungumzia vyombo vya umeme kama wanazungumzia watu. Si wote walioingia shule wakafundishwa kwamba kitu ni "cha" na mtu ni "wa".

King'amuzi chenyewe kilikuwa kilekile cha mzee. Nilipokishika, kikaninata vidoleni. Kilikuwa na joto, wakati hakikuwa kwenye umeme.

"Nunua kingine, shemeji. Hiki kimeoza."

"Mama hataki," akajibu bila kuniangalia. "Ndicho alichokizoea baba."

Nikafungua skrubu nitoe vumbi. Ndani hakukuwa na vumbi. Kulikuwa na utando wa mafuta ya kijivu, na kwenye mafuta hayo vipande vya kucha, nene, za njano, kucha za miguu. Nywele nyeupe zimezungushwa kwenye saketi. Na punje za wali, zimetafunwa. Nikaitwaa chupa ya spiriti.

"Usifute," mama mkwe akasema taratibu. "Unganisha tu."

Nilipaswa kuondoka dakika ile. Lakini ningeondokaje na mdogo wangu yuko upande wa pili wa kabati, na mama mkwe amesimama mlangoni? Nikapiga moyo konde. Niliona heri nimalize, nimwombee ruhusa anisindikize, tukifika njiani hatugeuki. Nikarudisha kifuniko, nikajipenyeza nyuma ya kabati, nikapiga magoti. Kutoka pale niliona miguu yao tu.

"Kaa hapo, mkwe," nikamsikia mama mkwe akisema. Miguu ya mdogo wangu ikasogea mpaka kwenye kochi la mzee. Ikatulia.

Nikachomeka kidude changu kwenye kompyuta. Nikachomeka waya. Nikawasha king'amuzi.

"Picha imepanda?" nikauliza.

"Bado," akasema shemeji. "Kioo cheusi."

"Subiri," akasema mama yake. "Anapanda."

Spika iliyokuwa karibu na sikio langu ikakoroma. Halafu...

Nts.

Nikasogeza sikio.

Nts... nts...

"Hiyo sauti inatoka wapi?" shemeji akauliza. Ikahama spika. Ikaenda kona ya pili, ya tatu, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Kisha spika zote zikanyamaza, na sauti ikaendelea.

Ilikuwa inatoka kwenye kochi.

Niliitazama miguu ya mdogo wangu. Kisigino cha kulia kilikuwa kinasugua cha kushoto, polepole, kwa raha. Mkono wake ukashuka, ukalichukua kopo. Akatema.

"Amepanda," akasema mama mkwe.

Nilitoka nyuma ya kabati na nyaya zimeninasa mguuni. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo umepinda upande, anafyonza meno, macho yameganda kwenye kioo cheusi. Nikang'oa waya wa umeme. Hakuacha. Nikamtikisa. Akanitazama kama mzee alivyokuwa akinitazama nikikataa chakula chake, akatabasamu.

Mimi dawa ya uchafu ninayoijua ni moja. Nikabandua kifuniko cha king'amuzi, nikamwaga chupa nzima ya spiriti, nikafuta. Kitambaa kikajaa. Nikafuta kwa vidole, kwa kucha zangu, nikizichimbua kucha za mzee moja moja. Yale mafuta yalikuwa ya moto na yalikuwa yanapenya chini ya ngozi yangu. Nilikuwa nalia kwa kinyaa, sikuacha.

Mama mkwe hakunizuia. Alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

"Fundi," akasema, "ukimfuta hapo, atakaa wapi?"

Mdogo wangu akakohoa. Akainama, akatapika wali mtupu, kisha akaniita dada kwa sauti yake. Nikamshika mkono, tukatoka bila kiatu hata kimoja. Nyuma yetu nilimsikia shemeji. "Shemeji, mbona hujaniunganishia?"

Aliyonieleza mdogo wangu ni nusu tu, mengine hataki kuyasema. Runinga ya zamani ilipoungua, mama mkwe alilia kwamba mzee hana pa kukaa. Kila taarifa ya habari alimwekea sahani kwenye kochi. Asubuhi sahani hiyo alipewa mdogo wangu, na hakupewa kingine. "Chakula hakikupungua, dada," aliniambia. "Kilikuwa kimetafunwa, kikarudishwa."

Sasa amerudi kunona. Anacheka, anamtania mama, anaimba bafuni. Mama anasema nimeleta uhai nyumbani, na kweli nafurahi.

Mikono yangu tu ndiyo haijakubali. Nimeisugua mpaka imechubuka, na harufu bado ipo. Wateja wananisogelea kisha wanarudi nyuma kidogo, kwa adabu. Juzi nilijikuta nimekalia kiti ambacho mtu alikuwa ametoka kukikalia muda huohuo. Kilikuwa na joto. Nikaona raha.

Jana jioni tulikuwa tunakula sote mbele ya runinga, taarifa ya habari ikaanza. Mdogo wangu akaacha kucheka. Akaweka kijiko chini.

"Dada," akanong'ona. "Hicho chakula umemwekea nani?"

Nikaitazama sahani yangu. Wali wote ulikuwa umetafunwa, umerudishwa, umepangwa vizuri. Nikataka kupiga kelele, niikimbilie spiriti. Mkono wangu ukaisukuma sahani mbele yake.

"Kula, mkwe," nikamwambia.