Cherehani Iliyokaa Polisi

Saa mbili asubuhi, kufuli la kibanda cha Mwaija, pale Mkolani, lilikuwa chini, limekatwa. Meza ilikuwepo. Cherehani haikuwepo.

Mwaija aliketi kizingitini. Sare za shule zilimngoja, na mgongo ulishachoka kabla siku haijaanza.

"Ni Farouk tu, yule muuza mkaa," alisema Josephat, mpiga pasi wake. "Si aliwahi kufungwa? Twende naye kwa sungusungu. Fimbo mbili tatu, atataja."

"Ulimwona?" aliuliza Mama Wilhelmina, jirani aliyestaafu ukarani wa mahakama.

"Mama, mtaa mzima unajua!"

"Mtaa hauna miguu ya kupanda kizimbani. Hupanda mtu, akaeleza alichokiona kwa macho yake. Na maneno ya kutolewa kwa fimbo hayasimami mahakamani."

Mwaija alikwenda polisi. Hakumtaja mtu.

"Utaijuaje?" askari alimuuliza. "Cherehani nyeusi zimejaa Mwanza."

"Chini ya kitako skrubu moja ilikatika. Nikaweka kipande cha spoku ya baiskeli."

Askari aliandika.

Wiki ile ile, Mwaija na Mama Wilhelmina walizunguka kwa mafundi. Huko Buswelu, kwa fundi Bashiru, Mwaija aliiona. Akainyooshea mikono.

"Usiiguse!" alisema Mama Wilhelmina.

"Mama, ni yangu! Walioagiza sare wananitukana kila siku."

"Ukiibeba, nani atathibitisha kuwa ilikutwa hapa? Mwizi atasema umeitoa kwako. Piga simu polisi."

Mwaija alipiga, akasimama mlangoni, miguu ikimuuma. Askari walifika na mjumbe wa mtaa, wakaigeuza cherehani. Spoku ilikuwepo. Wakajaza hati ya kukamata mali. Bashiru na mjumbe wakatia saini.

"Nani alikuuzia?" askari alimuuliza Bashiru.

"Josephat, mpiga pasi wa Mkolani. Aliileta mwenyewe. Nilimlipa kwa simu, ujumbe huu hapa."

Mwaija alitazama chini.

Njiani aliuliza, "Sasa si kesi imekwisha?"

"Bado, mwanangu. Spoku, maneno ya Bashiru na ujumbe wa simu ni ushahidi. Mwendesha mashtaka ndiye mwenye kazi ya kuuunganisha mpaka kosa lithibitike. Josephat hadaiwi kuthibitisha kwamba hana hatia. Ikibaki shaka ya msingi, anaachiwa."

"Na cherehani?"

"Ni kielelezo cha kesi. Itakaa polisi."

Josephat alikamatwa, akashtakiwa. Mwaija aliazima mashine, akashona. Alikwenda mahakamani, kesi ikaahirishwa. Akaenda tena, ikaahirishwa tena. Akasema haendi tena.

Farouk alimfuata kibandani. "Dada, ukiacha, huku mtaani mwizi nabaki mimi. Hata mkaa wangu hawaununui."

Mwaija akaenda.

"Uliniona nikikata kufuli?" Josephat alimuuliza mahakamani.

"Hapana. Sikukuona."

Mwaija aliitambua cherehani kwa ile spoku. Bashiru alieleza aliyemuuzia. Askari alitoa hati na ujumbe wa malipo. Josephat alisema hajawahi kuishika cherehani ile.

Hakimu alisema hakuna aliyeona kufuli likikatwa. Lakini Josephat alikuwa na mali hiyo mara tu baada ya kuibwa, na utetezi wake haukueleza yale malipo wala kuzua shaka ya msingi. Akamtia hatiani. Akaamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe.

Mwaija alitia saini. Farouk alishika upande mmoja, yeye akashika mwingine, wakaitoa cherehani nje.