Difu Iliyonyamazishwa

Kwanza kulisikika kishindo chini ya sakafu, kama nyundo imeangukia sufuria. Kisha injini ikanguruma bure. Brightness akabadilisha gia, akakanyaga mafuta tena. Shafti ya propela ilizunguka huko chini, lakini magurudumu ya nyuma hayakuwa na habari. Pikapu ya marehemu baba yake ilikuwa imekwama katikati ya bonde la Jangwani, na maji ya kahawia yalikuwa yanakuja.

Walikaa watatu mbele: Brightness, muuza vitenge wa Kariakoo, kwenye usukani, mama yake Fortunata, mwenye goti bovu, katikati, na dirishani fundi Mwinyimvua, aliyefunga difu ya mtumba, zile gia za ekseli ya nyuma, asubuhi ile kwenye kichochoro cha mafundi Gerezani. Ile ya zamani ilishalika meno, ikawa inalia mpaka wapagazi wanaipigia miluzi. Krismasi ilikaribia, na mama alitaka kufika Moshi kwa gari la mumewe.

Marehemu aliacha sheria moja: fundi akishagusa gari, naye apande, tena apitishwe njia mbaya. Mwinyimvua alijitetea sana. Mara ana kazi nyingine, mara tumbo.

"Panda, baba," Fortunata alimwambia. "Likituua, lituue wote."

Walicheka. Brightness hakucheka sana. Difu ya mtumba, hata nzima, huwa na kasauti kake. Hii ilikuwa kimya mno.

Sasa mvua ilikuwa imeficha Magomeni mbele yao. Lakini ya kuogopa si ile iliyowanyeshea. Ni ile iliyonyesha Pugu tangu alfajiri, ambayo maji yake ndiyo kwanza yanafika. Bonde hili limeshazika watu. Wakahesabiwa, hotuba zikasomwa, mifereji ikaahidiwa, na mwaka uliofuata wakazikwa wengine na hotuba ikasomwa ile ile. Mifereji imejaa mchanga na chupa. Waliohutubia wanaishi mlimani.

Maji yaliingia kwa chini ya milango, baridi, yananuka choo na dizeli. Injini ikakohoa, ikazima.

"Fundi," Brightness alisema bila kumtazama. "Umeweka nini kwenye difu yangu?"

"Oili, dada."

"Na nini?"

Mwinyimvua alifuta kioo kwa kiganja, kama anatafuta jibu nje. "Ile tuliyonunua nayo ilikuwa inalia. Nikaweka maganda ya ndizi na unga wa mbao kidogo. Wote wanafanya hivyo. Inanyamaza mpaka gari liuzwe."

"Hili haliuzwi."

Fortunata aligeuka polepole. "Mimi Mchaga, ndizi nimeshaipika kila namna. Mtori wa kwenye difu ndiyo kwanza nausikia kwako."

Pikapu ikatikisika. Sehemu ya nyuma iliinuka kidogo, ikatua, ikasogea kando kuelekea mtoni.

"Tutoke," Brightness alisema. "Likiinuka tena halitui."

Walipitia madirishani wakapanda nyuma, mama akisukumwa na kuvutwa kama robota. Kamba ya katani ya kufungia mizigo ilikuwepo. Upande wa Fire walikotokea, kwenye tuta, nguzo ya taa ilisimama wazi, na nyuma yake watu walishaanza kukusanyika. Brightness alifunga ncha moja kwenye chuma cha nyuma ya kebini kwa fundo la marobota, lisilofunguka kwa kuvutwa. Nyingine akamzungushia Mwinyimvua kiunoni.

"Funga kwenye nguzo. Halafu urudi umbebe mama."

"Na nisiporudi?"

"Nitakuwa nakuangalia."

Akashuka. Maji yalimfika kifuani. Bati lililong'oka lilimpiga begani, akazama, akaibuka mbele zaidi, anatapika. Aliposhika nguzo aliikumbatia kwa mikono yote miwili, akabaki hivyo. Brightness aliliona doa la damu kwenye shati lake. Akaona pia barabara nyuma yake, inayopanda, isiyofikiwa na mafuriko. Mtu yeyote angeondoka.

Mwinyimvua alifungua kamba kiunoni, akaizungusha nguzoni, akaikaza kwa mguu. Akarudi majini.

"Usinikabe shingo, mama," alisema alipoinama.

"Nikikukaba nina haki."

Walivuka wakiwa msururu, Brightness nyuma, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umeshika kanga ya mama yake. Katikati pikapu iliinuka. Haikutua. Kamba ikalia, ikakazana kama chuma, ikawachana viganja. Lakini fundo likashika mpaka mikono ya watu kutoka kwenye tuta ilipowafikia. Ndipo katani ikakatika, na gari la marehemu likaenda na mto, taratibu, milango ikipigapiga.

Maji yalipopungua walilikuta limelala ubavu kwenye tope. Mwinyimvua aliifungua difu mwenyewe, bega limefungwa. Ndani kulikuwa na uji mweusi na meno yaliyovunjika. Aliuchota kwa mkono, akauweka mbele ya Fortunata.

Siku ya kujaribu difu nyingine, injini ikiwa imeshasafishwa tope, Brightness alitoka dukani akamkuta fundi ameshakaa dirishani, mlango ameufunga. Walishuka bondeni. Chini ya sakafu kukaanza sauti nyembamba.

"Inalia," alisema Mwinyimvua. "Kidogo tu. Beringi bado nzima, nimeziangalia moja moja."

Fortunata, katikati yao, alitega sikio.

"Iache ilie," alisema. "Nataka kuisikia mpaka Moshi."