Anayeitwa Alhamisi

Walikutana kwenye foleni ya fotokopi, saa ya watu kubanana. Fundi cherehani, ndani ya gauni la njano alilojishonea mwenyewe, alikuwa na karatasi moja. Mbele yake muuguzi amekumbatia rundo la kadi za miadi.

"Pita, dada. Mimi nina mia mbili."

"Hospitali haina mashine?"

"Mashine ipo, wino hakuna. Kitengo cha afya ya akili tulikuwa wauguzi wanne, nimebaki mimi. Daktari huja mara moja kwa mwezi."

"Na koti lako limebaki na vifungo viwili. Lete dukani kwangu."

Kifungo kikazaa chai, chai ikazaa mapenzi. Fundi akamtambulisha kwa kaka yake, dereva wa lori aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, na wanaume hao wakaitana shemeji siku hiyohiyo. Mwezi wa nane muuguzi akaomba wafunge ndoa. Fundi akaahidi jibu Jumapili.

Ila ile simu ya muuguzi. Ndani yake mlikuwa na watu walioandikwa Jumatatu, Jumanne, Ijumaa, na Alhamisi ndiye aliyezidi kupiga. Akipiga, muuguzi anaacha sahani, anatoka uani, ananong'ona, "Nipo nawe. Usikate." Fundi alisikia yote dirishani na wivu ukamkaba. Mwanamume aliyewapangia wanawake zamu, alijisemea, ataniweka mimi wapi?

"Alhamisi ni nani, mpenzi?"

"Mgonjwa wangu, roho. Majina siandiki, naandika siku ya kliniki."

"Anaumwa nini, mapenzi?"

"Siwezi kusema."

"Basi nami la Jumapili siwezi kusema."

Jumamosi mchana muuguzi alikuwa bafuni nyuma ya duka, simu yake ikaita juu ya meza ya kukatia nguo. Alhamisi. Fundi akapokea, akabana pumzi ili amsikie huyo mwanamke.

"Shemeji," ilisema sauti anayoijua tangu utotoni. "Nimeegesha lori kando ya barabara. Mawazo ya kutaka kufa yamerudi. Usimwambie mdogo wangu."

Alhamisi alikuwa kaka yake. Muuguzi akatoka, mikono inadondosha maji, akamwona na simu sikioni, akaelewa.

"Zungumza naye kwanza," fundi alisema akimpa simu. "Sisi tutagombana baadaye."

Alimsikiliza muuguzi akiongea taratibu, akimuuliza yuko wapi, akimwomba azime lori asubiri. Kisha muuguzi akaziba simu kwa kiganja.

"Namfuata. Daktari haji mpaka wiki ijayo."

"Nakuja."

"Hajui kama unajua, wala hajaniruhusu nije nawe."

"Mwulize."

Akamwuliza. Fundi akasogeza sikio kwenye simu. Halafu ile sauti ikasema, "Aje."

Fundi akafunga duka. Aliona aibu, na alimpenda mtu huyu kuliko jana.

"Kwenye simu yako," alisema wakiharakisha, "niandike siku isiyo na mtu."

"Siku zote zina watu, mpenzi."

"Najua. Nitaolewa hivyohivyo."