Miaka Ishirini na Tatu Iliyoachwa Wazi

Kaka yangu Octave alirudi nyumbani mwezi wa pili, baada ya miaka ishirini na tatu gerezani. Hapa kwetu Louisiana, kusini mwa Marekani, Jumatatu ni siku ya maharagwe mekundu na wali. Nilimpakulia sahani ikajaa. Hakugusa kijiko mpaka nilipomwambia ale.

Kila alasiri, saa kumi kamili, alisimama kando ya kitanda chake, kimya, mikono ikining'inia. Kule gerezani huo ndio muda ambao wafungwa walihesabiwa. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakuniona.

"Octave, hapa hakuna wa kukuhesabu," nilimwambia.

"Najua, Earline. Miguu ndiyo haijui."

Alitafuta kazi kwenye kiwanda cha mchele, gereji, duka la rangi. Walipokea fomu zake, wakanyamaza. Siku moja akasema huku akitazama ukuta, "Kule walinihitaji."

Nawajua watu waliovunja kioo cha duka makusudi ili warudishwe ndani. Niliogopa kumpoteza mara ya pili, tena kwa hiari yake.

Mchana mmoja wa mvua tulikuwa mezani. Octave akaweka kijiko chini.

"Mzee wa jirani anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi? Hata kukaa kitandani hawezi!"

"Sikiliza anavyopumua."

Nilisikiliza. Nilisikia feni na mvua tu. Octave alikuwa ameshafika mlangoni.

Jirani yetu ni Bi Ledet, nesi mstaafu, aliyekuwa akimuuguza baba yake. Alifungua mlango akashangaa. "Nani kawaita?"

Octave alivua kofia. "Naomba ruhusa nikae naye, Bi Ledet."

Bi Ledet alitupisha. Kweli, pumzi ya mzee ilikuwa inakuja, inakatika, inakuja. Octave alichovya kitambaa majini, akamlowesha midomo. Mzee alifumbua macho, akatazama juu ya bega la kaka yangu.

"Huyo aliyesimama nyuma yako ni nani?"

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini pazia lilikuwa linatikisika. Mama yangu wee! Nilitaka kukimbia. Octave hakugeuka hata kidogo.

"Amekuja kukusindikiza, mzee. Hana haraka."

Mzee alitabasamu. Baada ya nusu saa alikata roho, ameshika mkono wa kaka yangu.

Baada ya mazishi Bi Ledet alikuja kwetu. "Nimekuwa nesi miaka thelathini," alisema. "Ulichofanya hukukibahatisha. Nani alikufundisha?"

"Nimejifunza kule, nesi wa gereza alitufundisha. Wafungwa wanazeeka, wanakufa. Nilikaa na watu arobaini na mmoja mpaka walipokata roho. Majeneza yao niliyatengeneza mimi."

"Na kwenye fomu za kazi umeandika nini?"

"Hiyo miaka nimeiacha wazi."

"Miaka ishirini na tatu! Ningekuwa mimi mwajiri, ningedhani ulikuwa kaburini. Haya, chukua kalamu. Kazi ya gerezani nayo ni kazi. Andika ulifanya nini, miaka mingapi, nani alikusimamia. Omba cheti cha mafunzo, na barua ya aliyekusimamia."

"Wakisoma kwamba nimeua mtu, watafunga mlango."

"Wengine watafunga. Mbona wamefunga hata bila kusoma? Wakikuuliza kosa, usidanganye. Uongo ukijulikana utafukuzwa, hata ukiwa hodari vipi. Sema kwa kifupi, usijitetee, kisha sema umefanya nini tangu hapo. Na kabla ya kuomba kazi ya kukaa na wanaokufa, uliza kama sheria inakuruhusu kuifanya. Wapo mawakili wanaosaidia bure."

Wakili alisema kazi inaruhusiwa. Wiki ya tatu barua ya nesi wa gereza ilifika. Bi Ledet alituelekeza kwenye nyumba moja inayotunza wagonjwa wasio na tiba tena. Mkuu wake, Bi Comeaux, alisoma kila karatasi mara mbili.

"Sitamficha mgonjwa kitu," alisema. "Atajua wewe ni nani, aamue mwenyewe."

Akatupeleka kwa Bi Maurine, bibi mkali, aliyekuwa amefukuza wauguzi wanne. Chumba kilikuwa na giza, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Bi Comeaux alimweleza yote, ndipo sauti ikatoka kwenye mito ya kitanda.

"Umeua kweli?"

"Ndiyo, bibi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimpiga risasi mtu aliyeitwa Lester Babin. Hakustahili kufa."

Kichwa kiliinuka kidogo kutoka kwenye mto.

"Wote wanaoingia humu wananidanganya," alisema Bi Maurine. "Eti naendelea vizuri. Wewe unaonaje?"

Octave alimtazama muda mrefu. "Pengine keshokutwa, bibi. Hutafika mbali zaidi ya hapo."

Nilifumba macho. Basi tena, nikawaza, kazi imekwenda na maji.

Bi Maurine alicheka, kicheko kikavu cha kukwaruza. "Nina vitu vinanijia pale kwenye kona," alisema. "Kila nikivitaja wananipa dawa. Wewe hutaviogopa?"

"Nimevizoea."

"Vuta kiti. Uniambie nivijibu nini."

Octave alivuta kiti akakaa. Bi Comeaux alinigusa bega, akaninong'oneza niende nyumbani, kaka yangu yuko kazini.